Pikipiki imepoteza nguvu? Pima kompresheni kabla injini haijafunguliwa

Pikipiki inapanda mlima kwa shida, unapiga kiki mara kumi ndipo iwake, na oili inapungua bila kuvuja. Ukifika gereji unaambiwa, "Hii tuifungue injini." Kwa dereva wa bodaboda, hasa aliye kwenye mkataba, kufungua injini ni siku kadhaa bila hesabu, pamoja na gharama ya vipuri. Kabla hujakubali, omba kipimo cha kompresheni. Kinachukua dakika chache na kinaonyesha kama injini imeumia ndani, na pengine imeumia wapi.

Kinapima nini?

Pistoni inapopanda ndani ya silinda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hupiga cheche. Mbano huo ndio kompresheni, na bila huo injini haina nguvu. Vitu vitatu huzuia hewa isitoroke: ringi za pistoni, valvu na gasketi ya hedi. Kimoja kikichoka, hewa inapenya.

Namna ya kupima

1. Fundi aangalie tepeti kwanza, injini ikiwa imepoa. Tepeti zilizokazwa mno huacha valvu wazi kidogo, na geji itasoma chini hata kama injini ni nzima.
2. Washa injini ipate moto wa kawaida, kisha izime.
3. Toa plagi. Irudishe kwenye waya wake na iguse chuma cha injini, mbali na tundu lake, kwa sababu petroli inaweza kuruka na kushika moto. Zima swichi. Asiwepo anayevuta sigara karibu.
4. Funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi.
5. Vuta mafuta mpaka mwisho, kisha piga kiki kwa nguvu mpaka mshale wa geji usipande tena. Andika namba.

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zikiwa nzima husoma kati ya psi 120 na 180. Namba kamili ya pikipiki yako imo kwenye kitabu chake. Baadhi zina kifaa cha kulainisha kiki ambacho hushusha namba, hivyo kitabu ndicho cha kufuata.

Namba ikiwa ndogo

Hapa ndipo wengi huishia, na ndipo makosa huanza. Fundi atie oili safi kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi, kisha apime tena.

- Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo kati ya pistoni na silinda. Ringi, pistoni au silinda vimelika.
- Namba isipopanda, au ikipanda kidogo tu, tatizo liko juu: valvu hazifungi vizuri au gasketi ya hedi imeungua. Kazi hiyo mara nyingi humalizika kwa kufungua hedi tu, bila kununua pistoni.

Namba ikizidi ile ya kitabu, huenda masizi yamejaa juu ya pistoni.

Kipimo hakionyeshi kila kitu

Kompresheni nzuri haimaanishi injini yote ni nzima. Beringi za ndani zinazogonga hazionekani kwenye geji. Sili za valvu zilizochoka huleta moshi wa bluu, hasa asubuhi unapowasha, huku namba ikiwa nzuri. Na kama pikipiki haina nguvu lakini kompresheni ipo, angalieni kwanza kabureta, plagi, kichujio cha hewa na klachi.

Wenye mashine za kusaga au pawatila za dizeli, msitumie geji ya petroli. Kompresheni ya dizeli ni kubwa zaidi, mara nyingi psi 300 na kuendelea, na itaharibu geji hiyo. Wala msitie oili kwenye silinda ya dizeli. Inaweza kuwaka au kuumiza injini.

Unapokwenda gereji, simama uone mshale mwenyewe. Piga picha ya geji kwa simu, kabla na baada ya kutia oili. Ukipewa bei ya pistoni na ringi, linganisha na namba hizo mbili. Baada ya matengenezo, omba kipimo kirudiwe kabla hujalipa.