Goma: Historia ya shule zinazoishi chini ya Nyiragongo

GOMA – Kuna miji ambamo usalama wa shule ni ukuta, mlinzi na geti lenye kufuli. Goma, hayo hayatoshi. Volkano ya Nyiragongo, yenye urefu wa metre 3.470, iko karibu kilometre 20 tu kaskazini ya mji. Kila mara mlima ulipowaka, wakaaji walijifunza jambo jipya juu ya namna ya kulinda wanafunzi na walimu.

Funzo la kwanza lilikuja tarehe 10 Januari 1977. Ziwa la moto lililokuwa juu ya mlima lilipasua ubavu na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Vijiji vya chini vilifikiwa kabla watu hawajakimbia. Ilieleweka kwamba kungoja kuona moto kwa macho ni kuchelewa. Mwaka 1986 kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG, kilianzishwa.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya alhamisi, moto ulishuka hadi ndani ya mji. Ulikata njia ya ndege, ukapita katikati ya maduka na kuingia katika ziwa Kivu. Nyumba, biashara na shule ziliteketea. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakivuka kwenda Gisenyi, Rwanda. Watu zaidi ya 100 walikufa, na wengi kati yao hawakuuawa na moto wa mlima wenyewe: siku ine baadaye, kituo cha mafuta kililipuka watu wakiwa wanachota mafuta. Tangu hapo ilijulikana kwamba hatari haiishi siku volkano inapotulia, na kwamba kurudisha watoto darasani kunaomba kwanza kuchunguza mahali.

Baada ya 2002, mji ulizoea rangi za tahadhari: kijani, manjano, rangi ya chungwa na nyekundu. Watoto walifundishwa pia juu ya mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini upande wa magharibi ya mji. Hewa hiyo ni nzito, inakaa kwenye mabonde na mashimo. Kwa hiyo mtoto mufupi au anayeinama anaivuta mbele ya mtu mzima. Mwalimu anayejua hilo hawezi kuacha wanafunzi wacheze mahali popote.

Lakini tahadhari inaomba chombo kinachofanya kazi. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka bila tangazo lolote kutolewa mbele. Miezi kadhaa kabla, OVG ilikuwa imekosa pesa na hata intaneti ya kupokea habari za mashine zake. Ilikuwa siku ya posho, magaribi, madarasa yakiwa matupu. Hata hivyo UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na familia zao. Tarehe 27 Mei, serikali ya jimbo iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame, na barabara ya Sake ikajaa watu.

Hapo ndipo ulizo linabaki wazi: kama ingekuwa siku ya masomo, saa ine ya asubuhi? Mzazi angekimbilia shuleni, mtoto angekimbilia nyumbani, na wawili hao wangepishana njiani. Mwalimu naye ni mzazi. Anaombwa kubaki na darasa lililojaa wakati watoto wake mwenyewe wako shule ingine.

Ebola, iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ilionyesha kwamba mazoea yanawezekana. Ndoo za maji kwenye mlango na kupimwa joto kila asubuhi vilikuwa desturi, kwa sababu kila mtu alijua kazi yake.

Kwa volkano, kazi hiyo haiombi pesa nyingi: daftari la majina lenye namba za simu za wazazi, mahali pa kukutania palipokubaliwa mbele, mtu mmoja mwenye haki ya kupiga kengele, na mpango kwa watoto wa walimu. Mkubwa wa shule na kamati ya wazazi wanaweza kuyapatanisha katika mkutano mmoja. Historia ya Goma inaonyesha kwamba mlima haungoji mkutano wa pili.