Mfupa wa Ishango: umri uliokataliwa kwa miaka 25

Wakaaji wa mtaa wa Nyalukemba, komini ya Ibanda mjini Bukavu, wanaliona Ziwa Kivu kila asubuhi. Wengi wamesikia kwamba ndani ya vilindi vyake mna gesi nyingi: kilomita za ujazo zipatazo 300 za gesi ya kaboniki, na 60 hivi za metani. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ya kaboniki imetoka chini ya ardhi, katika nchi hii ya volkano. Wachache wanajua kwamba hofu ya kaboni ya namna hiyo ndiyo iliyochelewesha kujulikana kwa umri wa kitu mashuhuri cha Kivu, yaani mfupa wa Ishango.

Ishango iko Kivu Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edouard, ndani ya hifadhi ya Virunga. Mwaka 1950, wakati wa ukoloni, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale. Akakuta mifupa ya samaki, vyusa vya mfupa vya kuvulia, na mfupa mdogo wa urefu wa sentimita 10 hivi, wenye kipande cha jiwe jeupe kwenye ncha. Juu yake watu wa kale walikuwa wamechonga alama katika safu tatu. Ukizihesabu, safu mbili zina alama 60 kila moja, na ya tatu ina 48. Wengine wakasema ni hesabu, wengine wakasema ni kalenda ya mwezi. Mabishano hayo hayajaisha. Lakini swali la kwanza lilikuwa jingine: una miaka mingapi?

Wakati huohuo, huko Chicago, Willard Libby alikuwa amepata njia ya kupima umri kwa kaboni-14, kazi iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 1960. Njia yenyewe si ngumu kuelewa. Miale inayotoka angani hutengeneza kaboni-14 hewani. Mimea huivuta, wanyama hula mimea, na sisi hula vyote. Kiumbe kikifa, hakipokei tena. Kaboni-14 iliyobaki ndani yake hupungua polepole: baada ya miaka 5,730 inabaki nusu, baada ya miaka 5,730 mingine inabaki robo. Anayepima kilichobaki katika kipande cha makala au cha mfupa anajua kiumbe kile kilikufa lini.

Magamba ya viumbe wa majini yaliyookotwa Ishango yalipimwa katika miaka ya 1950. Jibu lilikuwa miaka 21,000 hivi. De Heinzelin hakulikubali. Hakuwa mpumbavu. Alijua kwamba kaboni inayotoka chini ya ardhi ni ya zamani mno, na kaboni-14 yake ilikwisha kitambo. Gamba likikua katika maji yenye kaboni mfu kama hiyo, litaonekana la zamani kuliko lilivyo. Nusu ya kaboni ya maji ikiwa mfu, basi gamba la jana litasomeka kama lina miaka 5,730. Kwa hiyo, mwaka 1962, alipoandika juu ya Ishango katika jarida la Marekani Scientific American, aliweka umri mdogo zaidi: kati ya mwaka 9000 na 6500 kabla ya Kristo.

Hoja ilikuwa nzuri, lakini hesabu yake ilidai mengi. Ili kitu cha miaka 8,500 kisomeke kama cha miaka 21,000, zaidi ya robo tatu ya kaboni ya maji yale ingepaswa kuwa mfu. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Alison Brooks na wenzake walirudi Ishango, wakachimba na kupima upya. Mwaka 1987 yeye na Catherine Smith walitangaza matokeo: miaka kati ya 20,000 na 25,000. Kipimo cha kwanza hakikuwa mbali na ukweli.

Kosa hilo halikuwa dogo. Kwa miaka 25, wavuvi wa kale wa Ishango walinyimwa nusu ya umri wao. Watu waliochonga alama kwa mpango karibu na maji ya Kivu, maelfu ya miaka kabla ya piramidi za Misri, walisogezwa karibu nasi kana kwamba walichelewa.

Somo lake bado linatumika. Kaboni haisemi uongo, ila lazima kwanza ujue imetoka wapi. Ndiyo maana watafiti waliopima metani ya Ziwa Kivu, wakakuta kaboni-14 ndani yake ni kidogo sana, walielewa kwamba haikutokana tu na majani na samaki waliooza juzi. Vijidudu vya ziwa huitengeneza sehemu kubwa kutokana na gesi ile ya volkano. Hata hospitalini swali ni lilelile: mgonjwa humeza urea yenye kaboni-14 kidogo, kisha pumzi yake hupimwa. Kaboni hiyo ikitoka katika pumzi, bakteria wa vidonda vya tumbo wamo, kwa kuwa ndio wanaoivunja urea.

Mfupa wa Ishango wenyewe uko Bruxelles, katika jumba la makumbusho la sayansi asilia. Umri wake umerudishwa. Wenyewe bado haujarudi Kivu.