Miaka 70 ya Matombo: ubishi wa matuta Uluguru

Julai 2025 ilitimia miaka 70 tangu wakulima wa Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, walipowakabili polisi kwa mawe na mmoja wao akauawa kwa risasi. Kwa kawaida tukio hilo husimuliwa katika historia ya uhuru, kuonyesha jinsi TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilivyokwisha kupata masikio vijijini. Ni haki lisimuliwe huko. Lakini lina nafasi pia katika historia ya mazingira, na huko limesomwa vibaya. Limegeuzwa ushahidi kwamba Mluguru hajali udongo wake, na kwamba mlima unaoinywesha Morogoro na Dar es Salaam hauna budi kulindwa dhidi ya wenyeji wake. Mwenendo wa mgogoro wenyewe unaeleza kinyume: watu walikataa kazi waliyoona inaharibu mashamba yao na kuhatarisha haki yao ya ardhi.

Msitu wa juu uliwekewa mipaka na Wajerumani, na Waingereza wakairithi. Chini ya mipaka hiyo ardhi ilikuwa mikononi mwa koo, zinazohesabiwa kwa upande wa mama, na mkuu wa ukoo ndiye aliyegawa mashamba. Vipande vya msitu wa makaburi na matambiko havikuguswa. Kule Mgeta, kwenye miteremko ya magharibi, wakulima walikuwa na ngazi zao wenyewe: walikata nyasi, wakazipanga kwa mistari kukingama mteremko na kuzifukia kwa udongo, zikawa mbolea na kizuizi cha maji kwa pamoja.

Mwaka 1950 ukaja Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Hofu ya maafisa wa kikoloni haikuwa ya kubuni, kwa maana mashamba yalikuwa yamepanda hadi kwenye miteremko mikali, mioto ya kiangazi iliacha ardhi tupu, na udongo ulishuka na maji hadi Ruvu. Kasoro ilikuwa katika dawa, kwani ilikuwa moja kwa mlima wote: matuta ya ngazi, yachimbwe kwa amri, siku tatu kwa juma, na asiyetimiza ashtakiwe. Pale udongo wenye rutuba ulipokuwa mwembamba, kuchimba tuta kulifukua udongo mfu wa chini, na mazao yakapungua badala ya kuongezeka. Sehemu kubwa ya kazi iliwaangukia wanawake, ambao tayari walikuwa na mashamba ya kuhudumia. Juu ya hayo palikuwa na suala la ardhi yenyewe. Mwanamume aliyelima shamba la ukoo wa mkewe, au la kuazima, alijua kwamba kupanda mti au kuweka kitu cha kudumu ni kudai umiliki, na wengi walijiuliza ni nani hasa atakayemiliki mlima ukishachorwa matuta kila upande. Amri zilipitia kwa Sultani Sabu bin Sabu, mwenye cheo kilichokuzwa na ukoloni juu ya watu ambao awali hawakuwa na mtawala mmoja. Roland Young na Henry Fosbrooke, katika kitabu chao cha mwaka 1960, wanatilia mkazo udhaifu huo wa utawala. Pamela Maack, aliyeandika mwaka 1996, anatilia mkazo hesabu za wakulima wenyewe, na kwangu maelezo yake ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu sultani anayeheshimika naye asingeweza kuufanya udongo mfu uote mahindi.

Wapo wanaosema wakulima walichochewa na wanasiasa. Wanasiasa walikuwepo, na walijua kutumia nafasi. Hata hivyo manung'uniko yalianza kabla TANU haijazaliwa, na baada ya Matombo serikali haikuishia kukamata watu. Iliachana na matuta ya lazima. Hoja nzito zaidi ni ile ya Februari 1970, mvua kubwa ya saa chache ilipoporomosha ardhi zaidi ya mara elfu moja kule Mgeta. Je, hayo si malipo ya ukaidi wa 1955? Paul Temple na Anders Rapp waliyachunguza maporomoko hayo, wakaona kwamba karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi, na machache mno yalianzia penye miti. Kilichokosekana ni mizizi mirefu ya kushikilia udongo. Tuta la ngazi hukusanya maji na kuyazamisha ardhini, kwa hiyo lisingezuia mporomoko wa aina hiyo. Lawama ya miti iliyokatwa wenyeji wanaistahili kwa sehemu yao, na si vyema kuwafichia.

Kuanzia 1993, mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ulifanya kazi na vikundi vya wakulima milimani, na mwaka 2008 misitu ya juu ikaunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Lakini jaribio linalogusa ubishi wa Matombo moja kwa moja lilifanyika Kibungo Juu, kwenye vyanzo vya Ruvu. Huko, kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliwakutanisha wakulima na watumiaji wakubwa wa maji, DAWASCO na Coca-Cola Kwanza, ili anayetunza udongo alipwe. Wakulima wakachimba matuta. Atakayesema walinunuliwa aangalie masharti: mkulima aliingia kwa hiari, akachagua mbinu kulingana na shamba lake, kuanzia matuta ya ngazi hadi upandaji wa miti, na ardhi ikabaki yake. Yaliyokosekana 1955 ndiyo hayo. Fedha ilifidia jasho na mavuno yaliyosubiriwa, jambo ambalo mpango wa kikoloni haukuwahi kulifikiria.

Malipo hayo yalitegemea mradi, na mradi ulikuwa na mwisho wake. Maji ya Ruvu yanaendelea kuuzwa Dar es Salaam kwa ankara ya kila mwezi, na sehemu ya ankara hiyo ingefaa iwekwe kisheria kwa ajili ya vijiji vya Kibungo, Matombo na Mgeta, ilipwe mwaka hadi mwaka bila kungoja mfadhili.