Jamón ya Uhispania: Tazama rangi ya utepe kabla ya kulipa

MSAFIRI anayezuru Uhispania hukutana na mapaja ya nguruwe yakining'inia katika mikahawa mingi, kwato zikiwa zingali mguuni. Hiyo ndiyo jamón (hutamkwa hamon), nyama iliyokaushwa kwa chumvi na hewa bila kupikwa.

Bei zake hutofautiana mno. Sahani moja yaweza kugharimu mara kadhaa zaidi ya nyingine inayofanana nayo machoni, na asiyejua tofauti huenda akalipia ile bora na kuletewa ya kawaida.

Kuna aina kuu mbili. Serrano hutokana na nguruwe weupe wa kawaida, na ndiyo ya bei nafuu. Ibérico hutokana na nguruwe wa asili wa rasi ya Iberia, ambao shahamu yao hupenya ndani ya nyama na kuilainisha.

Tangu mwaka wa 2014, sheria ya Uhispania huagiza kila paja la ibérico lifungwe utepe wa plastiki wenye rangi. Mweusi ni wa nguruwe halisi kwa asilimia 100 aliyenoneshwa malishoni kwa matunda ya mwaloni, yaitwayo bellota. Mwekundu ni wa nguruwe chotara aliyelishwa vivyo hivyo. Kijani ni wa aliyekula nafaka na nyasi nje, na mweupe ni wa aliyelishwa nafaka zizini.

Jina 'pata negra', yaani mguu mweusi, huruhusiwa kwa utepe mweusi pekee. Rangi ya kwato si ithibati, kwa kuwa si nguruwe wa ibérico pekee walio na kwato nyeusi.

Majira ya matunda ya mwaloni huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Baada ya kuchinjwa, mapaja hufukiwa katika chumvi kwa siku kadhaa, huoshwa, kisha hutundikwa ghalani. Serrano hukaa miezi kadhaa, ilhali ibérico bora hupita miaka miwili. Sehemu zinazosifika ni Jabugo, Guijuelo, Extremadura na Los Pedroches.

Mkahawani, 'ración' ni sahani nzima na 'media ración' ni nusu yake. Anayeonja kwa mara ya kwanza atatosheka na nusu. Ni vyema kuuliza bei mapema na kuomba kuonyeshwa utepe; mwenye mali halali hatakasirika. 'Paleta' ni mguu wa mbele, nao huwa na bei ya chini.

Jamón nzuri hukatwa kwa kisu, vipande vyembamba mno, na huliwa ikiwa na joto la kawaida la chumba. Shahamu haitupwi, kwani ndiyo yenye ladha. Vidoa vyeupe ndani ya nyama si uozo, bali ni dalili ya kukaushwa kwa muda mrefu.

Waislamu na wengine wasiokula nguruwe wana sababu ya kuwa waangalifu. Vipande vya jamón hutiwa katika supu baridi ya salmorejo, maharagwe na hata vitafunio vya croquetas. Kusema 'sin carne', yaani bila nyama, huenda kusitoshe. Ni salama zaidi kutaja 'sin jamón' na 'sin cerdo', bila nguruwe.

Anayetamani kubeba paja hadi nyumbani akumbuke kwamba nyama haiingizwi Kenya bila kibali. Mnamo Novemba 2025, Uhispania ilithibitisha homa ya nguruwe ya Afrika miongoni mwa nguruwe mwitu karibu na Barcelona, mara ya kwanza tangu 1994. Ugonjwa huo, ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka wa 1921, haumdhuru binadamu, lakini virusi vyake hudumu katika nyama na vinaweza kumwangamizia mfugaji zizi zima.