Usaili wa kazi za BIM: Namna ya kujiandaa

BIM ni njia ya kusanifu jengo kwa modeli ya kompyuta inayobeba vipimo, vifaa na gharama zake. Kijana wa Ngagara, jijini Bujumbura, anayeitwa kwenye usaili wa kazi hiyo asikariri vitufe vya programu pekee. Msaili hutaka kujua anavyofikiri.

Kwanza aeleze tofauti: katika mchoro wa kawaida ukuta ni mistari, katika modeli, ukuta ukibadilishwa, michoro na hesabu zake hubadilika pamoja nao. Aoneshe jinsi modeli inavyofichua bomba linalogongana na boriti kabla zege haijamwagwa. Ajue pia IFC, muundo wa faili unaowezesha programu kama Revit na ArchiCAD kubadilishana kazi, na ISO 19650, viwango vilivyoanza kutolewa mwaka 2018 kuhusu usimamizi wa taarifa hizo.

Asiye na leseni atumie FreeCAD, inayopatikana bure. Apime nyumba ya kwao, aunde modeli yake, kisha ajizoeze kuieleza kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kazi ndogo aliyoifanya mwenyewe humtetea kuliko cheti asichoweza kukieleza.