Mikataba ya haki za binadamu katika sheria za nchi

Nchi ikiridhia mkataba wa haki za binadamu hujifunga mbele ya nchi nyingine. Hakimu wa wilaya, polisi wa kituo na mwenyekiti wa kijiji hawaguswi na mkataba huo moja kwa moja. Wao hufuata sheria zilizotungwa nchini, na ndiyo maana mkataba hauna budi kupewa nafasi ndani ya sheria hizo: kwa kifungu cha katiba, kwa sheria mpya, kwa kurekebisha sheria za zamani, au kwa jaji kuutumia anapotafsiri sheria iliyopo.

Kwa kawaida nchi hugawanywa mafungu mawili. Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi desturi ya Kiingereza, ambamo mkataba haumpi raia haki ya kushtaki mpaka Bunge litunge sheria ya kuutekeleza. Kongo, Rwanda na Burundi zilirithi desturi ya Kibelgiji, ambamo mkataba ulioridhiwa na kutangazwa rasmi huwa sheria tayari. Vitabu vingi huanzia kwenye mgawanyo huu na kuishia papo hapo. Ukweli ni kwamba unaeleza machache kuliko unavyodai, na Tanzania ni mfano mzuri.

Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Wengi hudhani azimio la kuridhia likishapita, mambo yamekwisha. Sivyo. Azimio si sheria, na muswada wa utekelezaji ni safari nyingine, ambayo huweza kuchukua miaka mingi. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976. Hati ya haki iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na hata hapo mahakama zilizuiwa kuitumia kufuta sheria mpaka Machi 1988. Ibara ya 9(f) inataja kwa jina Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu, lakini ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo ya taifa, na ibara ya 7(2) inazuia mahakama yoyote kusimamia utekelezaji wa sehemu hiyo. Kilichotolewa kwa mkono mmoja kimechukuliwa kwa mwingine.

Pamoja na hayo, mkataba ambao Bunge halikuutungia sheria uliwahi kubadili mambo katika shamba la ukoo huko Kagera. Mwanamke mmoja wa wilaya ya Muleba alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, na Agosti 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mwanamume wa ukoo huo alikwenda Mahakama ya Mwanzo akitaka mauzo yabatilishwe. Sheria za mila za Wahaya, zilizoandikwa na kutangazwa na serikali mwaka 1963, zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote bila kuiuza. Mwanamume aliweza kuuza. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na mdai, ya Wilaya ikakataa, na rufaa ikafika Mahakama Kuu ya Mwanza. Katika hukumu ya Ephrahim dhidi ya Pastory ya Februari 1990, Jaji Mwalusanya alitaja Tangazo la Dunia, Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambao Tanzania iliuridhia 1985, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Hakudai kwamba mikataba hiyo ni sheria ya Tanzania. Alishika sheria ya mpito ya 1984, iliyotaka sheria za zamani zisomwe kwa kulinganishwa na hati ya haki, kisha akaitumia mikataba kuonyesha maana ya usawa uliomo humo. Mauzo yakasimama. Mwanaukoo akaachiwa nafasi ileile aliyokuwa nayo siku zote shamba linapouzwa na mwanamume: kulikomboa kwa kurudisha bei.

Njia ya kutunga sheria ina mitego yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliingiza Mkataba wa Haki za Mtoto katika sheria za Tanzania Bara na kusema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, huku Sheria ya Ndoa ya 1971 ikibaki inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Zanzibar nayo ilitunga Sheria ya Mtoto yake mwaka 2011, kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano lakini mambo ya watoto si ya Muungano. Mkataba mmoja, saini moja, sheria mbili.

Kenya ilijaribu njia ya mkato. Katiba ya 2010, ibara ya 2(6), inasema mkataba wowote ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya Kenya. Mwaka huohuo Jaji Martha Koome, baadaye Jaji Mkuu, aliutumia Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, unaokataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba wa kibiashara, kumkinga mdaiwa na kifungo. Mwaka 2012 jaji mwingine wa Mahakama Kuu akasema mkataba haupandi juu ya sheria ya Bunge. Mvutano wa namna hiyo uliendelea hadi Mahakama ya Juu ilipoifafanua ibara hiyo mwaka 2021, katika shauri la Mitu-Bell, la wakazi wa kijiji cha Mitumba waliobomolewa nyumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Hata hivyo, mateso hayakuwa na sheria yake maalumu Kenya mpaka 2017, miaka 20 baada ya nchi kuingia katika mkataba unaoyakataza.

Kongo, kwa upande wake, ina ibara ya 215 ya Katiba ya 2006, inayoweka mikataba juu ya sheria. Mwaka huo mahakama ya kijeshi ya Mbandaka ilitumia Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai moja kwa moja kuwahukumu wanajeshi kwa ubakaji wa halaiki huko Songo Mboyo, wakati Bunge lilikuwa bado halijatunga sheria ya utekelezaji; ilikuja mwishoni mwa 2015.

Ugumu mkubwa zaidi huja kizuizi kinapokuwa Katiba yenyewe. Tanzania hairuhusu mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga katazo hilo akashinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likarekebisha Katiba ili katazo libaki. Akashinda tena 2006, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Katiba haikubadilishwa, na Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo.