Mtoto wa Nyumbani: Ubishi wa Mashabiki Kwenye Drafti ya NBA

Machi 1969, mashabiki wa Phoenix Suns walipigishwa kura wachague upande wa sarafu. Timu yao ilikuwa imeburuta mkia kanda ya Magharibi katika msimu wake wa kwanza, na Milwaukee Bucks, changa vilevile, ilikuwa mkiani Mashariki. Kanuni ya NBA wakati huo ilitaka wawili hao warushiwe sarafu ili ijulikane nani atatangulia kuchagua mchezaji chipukizi. Kilichogombewa ni Lew Alcindor, senta wa UCLA mwenye zaidi ya futi 7, aliyekuwa akielekea ubingwa wake wa tatu mfululizo wa vyuo vikuu. Mashabiki wengi wakasema kichwa. Viongozi wa Suns wakaiheshimu kura, wakaita kichwa. Sarafu ikaanguka upande wa pili.

Milwaukee ikamchukua Alcindor, ikatwaa ubingwa mwaka 1971, na dunia ikaja kumjua kijana huyo kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Phoenix ikamchukua Neal Walk, senta mzuri tu. Hadi leo Phoenix haijawahi kuwa bingwa wa NBA, na wazee wa mji ule bado wanaitaja ile sarafu.

Shabiki wa Simba au Yanga anaujua ubishi wa dirisha la usajili: nani aletwe, nani aachwe, na kama fedha ipo. Kwenye drafti fedha haimvuti kijana. Kila mwaka timu huwachagua chipukizi kwa zamu, zilizofanya vibaya zikitangulia, na kijana huenda alikoitwa. Kwa hiyo mashabiki wa timu mbovu, ambao Aprili hawana cha kushangilia, hupata miezi miwili ya kubishana. Hutaja urefu, mikono, kasi na asilimia za mitupo ya pointi tatu. Lakini nikiufuatilia ubishi huo tangu enzi za mwanzo, naona kwamba nyuma ya takwimu zote hizo shabiki anauliza jambo moja: katika hawa, wetu ni yupi?

Waasisi wa ligi walilijua hilo na wakalitungia kanuni. Drafti ya kwanza ilifanyika mwaka 1947, ligi ikiwa bado inaitwa BAA, wakati vyuo vikuu ndivyo vilivyokuwa na majina na watazamaji. Ili mashabiki wa vyuo waifuate timu ya kulipwa, ikaruhusiwa timu iache nafasi yake ya raundi ya kwanza na badala yake imchukue mchezaji wa chuo kilicho ndani ya maili 50, yaani kilomita 80 hivi, kutoka uwanja wake. Mwaka 1959 Philadelphia Warriors ilimpata Wilt Chamberlain kwa njia hiyo, ingawa alisomea Kansas, mbali kabisa. Hoja yao ilikuwa kwamba Kansas haina timu ya NBA ya kumdai, na kwamba kijana alikulia na kusoma sekondari Philadelphia. Mwaka uliofuata Cincinnati Royals ikamtwaa Oscar Robertson kutoka Chuo Kikuu cha Cincinnati. Mwaka 1965 New York ikampata Bill Bradley wa Princeton.

Baada ya drafti hiyo ya 1965 kanuni ikafutwa, na ilistahili kufutwa, kwa kuwa timu iliyojenga uwanja karibu na chuo kizuri ilivuna isichopanda. Sheria ikaondoka, hamu ya watu ikabaki palepale.

Chicago nayo ikaijaribu sarafu mwaka 1979. Meneja mkuu wa Bulls, Rod Thorn, aliwaachia mashabiki uamuzi, nao kama wenzao wa Phoenix wakachagua kichwa. Wakashindwa. Los Angeles Lakers, waliokuwa wakishikilia nafasi ya New Orleans Jazz kutokana na makubaliano ya zamani juu ya mchezaji Gail Goodrich, wakamchukua Magic Johnson na kutwaa ubingwa mwaka uliofuata. Chicago wakabaki na David Greenwood. Klabu mbili ziliwapa mashabiki sauti, na mara zote mbili sauti hiyo ilipewa kazi ya kubahatisha badala ya kazi ya kupima mchezaji. Ningependa siku moja klabu iwaulize watu wake swali la maana kuliko hilo.

Thorn huyohuyo ndiye aliyekuwa mezani mwaka 1984. Houston ilishinda sarafu ikamchukua Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos aliyecheza mpira wa mikono kabla ya kikapu na ambaye tayari alikuwa kipenzi cha Chuo Kikuu cha Houston, mji uleule. Portland, waliokuwa wa pili, wakamchukua Sam Bowie. Wa tatu, Chicago, wakamchukua Michael Jordan, na Thorn akasema hadharani kwamba angetamani kijana huyo angekuwa na futi 7. Leo Portland inachekwa kila Juni. Mimi siwezi kuicheka. Walikuwa na Clyde Drexler, waliyemchagua mwaka mmoja kabla, ambaye nafasi yake uwanjani ndiyo ya Jordan. Walichotafuta ni senta, na wakati ule karibu kila mtaalamu aliamini ubingwa unajengwa kwa senta. Kosa lao lilikuwa kumwamini Bowie, ambaye mguu wake ulikuwa umemweka nje misimu miwili akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky. Anayebishana kuhusu drafti anapaswa kutenganisha mambo hayo mawili: kama timu ilisoma vibaya mahitaji yake, au ilimsoma vibaya mtu.

Kwa kuwa Houston ilishinda sarafu mara mbili mfululizo, 1983 na 1984, na tuhuma za timu kujipotezea mechi zikawa nyingi, mwaka 1985 ikaletwa bahati nasibu. Kamishna David Stern alichota bahasha mbele ya kamera katika hoteli ya Waldorf Astoria jijini New York, na New York Knicks wakapata haki ya kumchagua Patrick Ewing. Mpaka leo wapo wanaoapa kwamba bahasha ile iligandishwa kwenye barafu ili itambulike kwa mkono. Hakuna aliyewahi kulithibitisha, lakini ubishi umeishi miaka 40. Baadaye bahasha ziliachia nafasi mipira 14 inayochotwa kwenye mashine, na mwaka 2019 timu tatu za mwisho zikapewa kila moja nafasi sawa ya asilimia 14 ya kutangulia kuchagua.

Ubishi ninaoupenda kuliko yote ni wa Indiana, 1987. Machi ya mwaka huo Chuo Kikuu cha Indiana kilitwaa ubingwa wa vyuo, nyota wake akiwa Steve Alford, mrushaji aliyezaliwa na kukulia jimboni humo. Katika jimbo ambalo kikapu ndicho mchezo wa kila kijiji, huyo alikuwa mtoto wa nyumbani kweli. Zamu ya Pacers ilipofika, nafasi ya 11, meneja Donnie Walsh akamtaja Reggie Miller, kijana mwembamba kutoka California. Mashabiki wakazomea. Alford akaanguka hadi raundi ya pili, nafasi ya 26, akaenda Dallas, na hakuwahi kuwa nyota kwenye ligi. Miller akabaki Indiana misimu 18, hakuchezea timu nyingine yoyote, na jezi yake namba 31 haivaliwi tena na mtu. Miaka mingi ya jasho ilimfanya awe mtoto wa nyumbani kuliko cheti chochote cha kuzaliwa.

Ukitaka kusema basi mashabiki hawajui kitu, New York inakukatalia. Mwaka 1999 Knicks walikuwa na nafasi ya 15, na Ron Artest, aliyekulia mtaa wa Queens na kuchezea St. John's ya jijini humo, alikuwa bado hajachukuliwa. Mashabiki wengi walimtaka. Viongozi wakamchagua Mfaransa Frédéric Weis. Artest akachukuliwa na Chicago katika nafasi iliyofuata, akawa mmoja wa walinzi wakali wa kizazi chake. Weis hakucheza hata mechi moja ya NBA. Wengi humkumbuka kwa jinsi Vince Carter alivyomruka juu ya kichwa na kufunga katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Miaka 16 baadaye mashabiki haohao wa Knicks, ukumbini Brooklyn, wakamzomea Kristaps Porziņģis wa Latvia, na mtoto mmoja akaonekana kwenye televisheni akilia. Ndani ya misimu mitatu Porziņģis alikuwa ameteuliwa katika kikosi cha nyota wa ligi. Nionavyo mimi, hasira ya Brooklyn ilitoka kwenye kidonda cha Weis: Mzungu mrefu kutoka Ulaya ambaye hawajawahi kumwona akicheza, kwa mara nyingine tena.

Sisi nasi tulikuwa na zamu yetu. Alhamisi ya 25 Juni 2009 pale Madison Square Garden, wakati Dar es Salaam imeshaingia usiku wa manane wa kuamkia Ijumaa, Los Angeles Clippers walimwita Blake Griffin, kisha Memphis Grizzlies wakamwita Hasheem Thabeet. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA akaingia katika nafasi ya pili ya drafti nzima. Habari iliyotawala dunia usiku ule ilikuwa kifo cha Michael Jackson, na nadhani ndiyo sababu hata hapa nyumbani tukio lile halikupata ukubwa uliostahili.

Tazama alikotoka. Alianza kikapu akiwa kijana wa miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani wameshacheza mamia ya mechi. Akafika Houston kwa masomo ya sekondari, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, akiwa na futi 7 na inchi 3, akawa mmoja wa wazuiaji bora wa mitupo katika vyuo vyote vya nchi ile. Mwaka 2009 Connecticut ilifika nne bora. Waliomtaka walisema urefu haufundishwi. Waliomkataa walitaja mechi ya Februari dhidi ya Pittsburgh, ambapo DeJuan Blair, mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi, alimbwaga chini wakigombea mpira.

Siku hizi jina lake hutajwa kwa sababu ya waliomfuata: James Harden wa tatu, Stephen Curry wa saba. Wanaomtaja hivyo wanasahau kwamba Curry alipitwa na timu nyingi, na Minnesota ilichagua wachezaji wawili mfululizo wa nafasi hiyohiyo, Ricky Rubio na Jonny Flynn, kabla yake. Walioguna kwa uchungu ukumbini alipochukuliwa na Golden State ni mashabiki wa New York, waliokuwa na nafasi ya nane na waliokuwa wameshamhesabu kuwa wao. Hapo shabiki aliona sawa na mtaalamu.

Memphis yenyewe tayari ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi ya senta, mtu ambaye mwaka 2013 alitajwa mlinzi bora wa ligi. Mchezaji aliyehitaji dakika nyingi za kujifunza akapelekwa mahali ambapo dakika hazikuwepo. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alishushwa kwenda ligi ya maendeleo, na Februari 2011 akahamishiwa Houston katika biashara iliyomrudisha Shane Battier Memphis. Akapita Portland na Oklahoma City, na kufikia 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imekwisha. Sisemi angekuwa Olajuwon. Nasema kijana wa kujengwa huhitaji timu yenye subira na nafasi, na Thabeet hakuwa na mji wa kumtetea. Mashabiki wa Memphis hawakumjua kabla ya Juni. Waliomjua walikuwa umbali wa bahari, wamelala.

Baada yake njia imepanuka. Bismack Biyombo wa Lubumbashi aliitwa wa saba mwaka 2011, miezi michache baada ya mechi ya vijana kule Portland ambayo alipata pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Jonathan Kuminga wa Goma akaitwa wa saba mwaka 2021. Mwaka huohuo ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ilianza kuchezwa Kigali, na jambo hilo limewabadilisha mashabiki wa ukanda huu kuliko drafti yenyewe, maana sasa wanaweza kumpima kijana kabla Marekani haijawaambia wamwonaje.

Khaman Maluach alizaliwa Sudan Kusini na kukulia Kampala. Alicheza BAL akiwa kijana mdogo, ikiwemo kwa City Oilers ya Uganda mwaka 2024, akaenda Olimpiki ya Paris na timu yake ya taifa, kisha Chuo Kikuu cha Duke kwa msimu mmoja. Juni 2025 aliitwa wa 10, akaelekea Phoenix. Waliomtaka walionyesha jinsi alivyofunga karibu kila mpira aliopewa chini ya kikapu. Waliomtilia shaka walitaja nusu fainali ya vyuo ya Aprili dhidi ya Houston, ambapo hakupata ribaundi hata moja. Safari hii shabiki wa Kampala aliyemfuatilia tangu City Oilers hakuwa na haja ya kusikiliza tu: aliweza kujibu kwa mechi alizoziona mwenyewe.